Majina Tisa ya Ng'ombe

Kijiji kizima cha Machochwe kilijua kwamba Mokami hasimulii hadithi kabla ng'ombe hawajaingia zizini. Bibi yake, aliyemfundisha kule Nyambureti enzi za utoto wake wa kufunga ndama, alimwonya: hadithi ni mlango, ukiufungua mchana, aliye malishoni harudi. Miaka arobaini Mokami aliushika mwiko huo. Aliushika hata mwaka wa operesheni ya kuhamishia watu vijijini, nyumba yake ilipoezuliwa, yeye na mumewe Werema wakapangwa kwenye mstari wa nyumba za kijiji, mbali na malisho yao ya zamani.

Ndipo akaja mgeni wa elimu ya watu wazima, saa nne asubuhi, gari likimngoja.

"Shikamoo mama," alisema Filemoni, mwenyekiti wa kijiji. "Mgeni anataka hadithi moja tu. Fupi."

"Marahaba. Aje jioni."

"Jioni atakuwa Mugumu."

"Basi wamsimulie hukohuko Mugumu."

Watu wakaangua kicheko. Filemoni akamwinamia sikioni. "Mama, wanaopinga kijiji wanaandikwa majina. Usiniletee balaa. Kwani ng'ombe wako wana masikio ya kusikia hadithi?"

Mokami akatazama upande wa hifadhi ya wanyama. Werema alikuwa ametoka alfajiri na ng'ombe wao tisa, amewapeleka hadi mpakani kabisa, maana karibu na kijiji majani yalikwisha.

Akaona heri awafunge kwanza kwa maneno. Akajitemea mate kifuani, akawataja kwa kunong'ona, mmoja mmoja, kama mtu anayekaza kamba: Madoa, Pembe-moja, yule mweupe wa mahari, mpaka ndama wa juzi. Hakumruka hata mmoja. Kisha akasimulia.

Alisimulia vizuri kuliko siku zote, na hilo ndilo lililomtisha. Maneno yalikuja kabla hajayaita. Mgeni akapiga makofi, akaandika, akaenda zake.

Jua likiinama, kengele zikasikika. Mokami akasimama penye lango la zizi. Wakaingia wote tisa, ndama akiwa wa mwisho, akirukaruka.

"Umeona, mama?" Filemoni alicheka akipita. "Wote wamerudi!"

Mokami alikuwa akiitazama njia waliyojia, vumbi likitua polepole, mpaka njia yote ikaonekana, tupu. Midomo yake ikaanza kuyarudia yale majina ya asubuhi, mwanzo hadi mwisho, kisha tena mwanzo.

Yalikuwa tisa tu. La Werema hakulitaja.