Maziwa Kabla ya Jina

Katika majira ya mvua ya utoto wake, kule kijijini Bule, Christella alizoea kuketi kanisani kando ya babu yake Fulgence, aliyeyajua maombi ya Kilatini kwa moyo pasipo kuelewa hata neno moja. "Weye utasoma, utanieleza," mzee alimwambia. Baadaye vita viliwahamishia Bunia, mtaani Rwambuzi, na ng'ombe mmoja tu. Mzee alifariki, akazikwa Bule, agizo lake likabaki.

Ndiyo maana katika chuo kikuu alichagua kusomea lugha na ustaarabu wa Wagiriki na Warumi wa kale. Majirani walimcheka. "Wale wote walikufa zamani! Watakupa kazi gani?"

Mama yake, Immaculée, ndiye aliyewajibu: "Na babu yenu alikufa, lakini munabeba jina yake."

Siku ya kutetea kazi yake ya mwisho ya chuo mbele ya watahini, Christella aliogopa kitu kimoja: profesa mgeni kutoka Kisangani, aliyesifika kwa kuangusha wanafunzi. Mama yake alisimama mlangoni mwa ukumbi na kibuyu cha maziwa. Mtu mmoja akatokea, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Baba, kunywa kwanza."

"Mama, unanijua?"

"Hapana. Kiu yako tu njo naona."

Akanywa, akashukuru, akaingia. Christella, aliyeyaona yote kutoka ndani, alimwona akiketi katikati ya meza ya juri, jopo la watahini: ndiye yule profesa wa Kisangani.

Alikuwa ameandika kwamba Wagiriki wa kale walimlisha mgeni kabla ya kumwuliza jina. Profesa akafunga daftari lake. "Mademoiselle, hizo ni hadithi za vitabuni. Nani anamulisha mutu asiyemujua?"

Miaka mitano ilining'inia katika jibu moja.

"Profesa," alisema polepole, "mama aliyewapa maziwa leo asubuhi ni mama yangu. Mupaka sasa hajui jina yenu."

Kicheko kilianzia viti vya nyuma, kikafika mezani. Profesa akajipangusa mdomo, kana kwamba maziwa bado yapo, akacheka kuliko wote. Juri ilimpa distinction, daraja la heshima.

Nje, Immaculée alimsogelea mgeni. "Sasa, baba, jina yako?"

"Lucien, mama."

Septemba, Christella alianza kufundisha Kilatini katika shule moja ya sekondari huko Rwambuzi. Jumapili ya kwanza alikwenda Bule, kwenye kaburi la babu yake, akasoma maombi yale kwa Kilatini, kisha akayaeleza kwa Kiswahili, neno kwa neno.