Kiti cha Nyuma ya Shehe

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kipande cha msasa na kichwa cha ngamia. Karakana ilikuwa Vaughan, kaskazini mwa Toronto, katika majengo marefu ya bati yanayofanana mpaka wageni hugonga milango ya watu wengine. Msimamizi alinionyesha pa kuweka mabuti yenye theluji, akanipa barakoa ya vumbi, akasema, "Laini. Mpaka kidole kisisikie kitu." Nikamsugua yule ngamia hadi wakati wa chakula. Nilikuwa mtu mzima, shangazi wa watu, nimepanda ndege kuja kusugua ngamia. Sikuona haya. Kazi niliyoianza nikiwa binti wa miaka kumi na tano ilikuwa ngumu kuliko hiyo.

Tulikuwa tunatengeneza vielelezo, yaani mifano midogo ya majumba, bandari, migodi na watu, ile inayowekwa ndani ya masanduku ya vioo kwenye makumbusho. Vijana mnaosoma haya mmezoea kuona kila kitu kwenye skrini. Wakati wetu mtu alitaka kuinama, aone mji mzima chini yake, kisha aoneshe kwa kidole.

Mwenye karakana tulimwita Mkurugenzi. Alikuwa Mhindi wa Moshi, Ismailia, aliyeondoka Tanganyika akiwa kijana, na Kiswahili chake kilikuwa kimekaa kwenye jokofu tangu siku hiyo: kizuri, cha zamani, hakijaharibika. Aliponisikia nikimsalimu mtu kwa simu alitoka ofisini mbio. "Wewe wa wapi?" Nikamwambia Tanga. "Basi nimekwisha," akasema. "Watu wa Tanga wabishi." Nikamwambia Moshi nako si haba. Akacheka, na tangu siku hiyo akaniita Bi Zuhura.

Kuna jambo la nyumbani lazima nilieleze hapa, maana bila hilo kisa cha kiti hakieleweki.

Mama yetu alifariki kwanza, baba akamfuata kabla ya mwaka kwisha. Nilikuwa mkubwa, nyuma yangu wadogo watatu. Niliacha shule nikashika cherehani ya mama. Baba alituachia nyumba yenye vyumba vya kupangisha, na ami yetu, mdogo wake baba, akatangaza mbele ya watu kwamba sisi tuko chini ya ulinzi wake. Nyumba ni ya watoto, alisema, yeye analinda tu. Basi mpangaji akija, mimi ndiye niliyekaa naye barazani, mimi ndiye niliyesema karibu na nikataja masharti. Ami alikuwa na kiti chake nyuma yangu, kwenye pembe. Hakusema kitu. Alikohoa tu. Na mpangaji, nilipokuwa nazungumza naye, macho yake yalinipita begani yakaenda kule pembeni. Aliyeingia katika nyumba yetu aliingia kwa kikohozi cha ami.

Nilishona, wadogo wakasoma. Wa mwisho, Salim, akawa muuguzi, akaenda Kanada, akanunua nyumba Brampton, na mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili akaniita. "Dada, njoo upumzike." Nilipumzika siku chache, nikatafuta kazi, nikahamia mtaa wa Lawrence Heights, Toronto, ili niwe karibu na basi la kazini.

Kutoka chumba cha msasa nilihamishiwa meza ya nguo, kwa sababu niliweza kushona kanzu ndogo kama kidole. Kutoka nguo nikapanda meza ya watu, ambayo ndiyo heshima ya karakana. Jirani yangu alikuwa Mama Furaha wa Bukavu, mpaka rangi wetu. Alipaka nyuso kwa brashi ya nywele chache na kuimba nyimbo za kanisani, na asipopenda kazi yako alikwambia waziwazi: "Dada, huyu mutu wako ana sura ya viazi."

Mtu wa kielelezo hutengenezwa kwa resini, utomvu wa kiwandani unaomiminwa ukiwa maji na kuganda ukawa mgumu kama pembe. Husimama au hukaa kwa pini za shaba zinazozama mezani. Kichwa humiminwa peke yake, kisha hugundishwa kwenye shingo, na kikishashika hakigeuki tena mpaka ukikate. Kwa hiyo kabla ya kufungua gundi tulikuwa na desturi ya kuuliza kwa sauti: huyu anamtazama nani? Hata kama uko peke yako mezani, unauliza. Mtu asiyemtazama yeyote hufanana na maiti.

Miaka ya elfu mbili na kumi ilipoanza, tulipewa kazi ya maonyesho juu ya Kanada na nchi za Ghuba. Kulikuwa na kamati, na Mwenyekiti wa kamati, bwana mwenye tai nzuri na haraka nyingi. Na kulikuwa na Dokta, mwanahistoria aliyeandika maelezo yote. Huyu mama alijua kazi yake na hakuwa na maringo. Alivuta stuli kwenye meza yangu akanieleza kielelezo cha kati.

Kilikuwa kisiwa kidogo cha Waarabu, chenye shehe wake. Shehe alikuwa mtawala, lakini nchi ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza, na Waingereza walikwisha kumfunga kwa ahadi kwamba haki ya kuchimba mafuta hatampa mtu yeyote bila idhini ya serikali yao. Kampuni ya Kimarekani ikataka kuingia. Waingereza wakasema kampuni lazima iwe ya himaya yao. Wamarekani wakaandikisha kampuni mpya hapa Kanada, kwa kuwa Kanada ilikuwa chini ya mfalme yuleyule, na mambo yake na shehe yakapitia kwa Wakala wa Kisiasa, yaani afisa wa Uingereza aliyekaa pale kisiwani.

"Kwa hiyo Kanada ilikuwa mlango tu," nilisema.

"Mlango wenye kibao," alisema Dokta. "Na bawabu ni Mwingereza."

"Na shehe?"

"Shehe alikuwa na akili na alibishana sana. Mafuta yalikuwa yake. Ila hakuweza kuyatoa mwenyewe."

Nikamwambia anipe siku mbili tatu. Nilijua baraza hiyo. Nilimkalisha shehe kwenye zulia lake, wima, mkono juu ya goti. Mtu wa kampuni nikamweka mbele yake, kalamu mkononi. Wakala nikamkalisha kwenye kiti nyuma ya bega la shehe, pembeni. Kisha nikashika kichwa cha mtu wa kampuni, nikauliza kwa sauti: huyu anamtazama nani? Nikakigundisha kikimpita shehe begani.

Dokta alipokiona alisema, "Ndivyo hasa." Mama Furaha akasema, "Sasa shehe ana uso ya maskini. Minaenda kumupaka hasira." Akampaka, kidogo tu, kwenye nyusi.

Mwenyekiti alikuja kukagua. Alizunguka meza, akaongea na Mkurugenzi pembeni, akaondoka. Mkurugenzi akaja kwangu ameshika miwani mkononi, dalili ya shari.

"Bi Zuhura, yule bwana wa nyuma, mtoe."

"Aende wapi?"

"Sandukuni, kwa ngamia wenzake. Kamati wanataka watu wawili, wanapeana mkono. Meza ya urafiki. Wanasema huyu analeta huzuni."

"Aliileta kweli, hata wakati ule. Dokta anasemaje?"

"Dokta amekubali. Yameandikwa kwenye maelezo, amesema, atakayetaka atasoma."

"Hakuna anayesoma maelezo, Mkurugenzi. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Mteja ni mteja. Mtoe, na umgeuze kichwa huyu wa kampuni, la sivyo atabaki anatazama ukuta."

"Simgeuzi."

"Bi Zuhura."

"Simtoi, simgeuzi. Ukitaka watu wawili marafiki, chonga wengine. Hawa wangu hawakuwa marafiki."

Alivaa miwani. "Nilitaka kukufanya mkuu wa meza hii mwezi ujao. Unajua?"

"Najua."

"Na unajua nikimweka mkuu asiyesikia mteja, karakana inafungwa?"

"Basi nirudishe kwenye msasa. Njia naijua."

Alinirudisha. Nilichukua barakoa yangu nikaenda, na nilitembea polepole ili kila mtu anione. Mama Furaha akaambiwa amtoe Wakala. Akamng'oa na kiti chake, pini zikalia tik. Kisha akaambiwa amgeuze kichwa mtu wa kampuni. "Miye ni wa rangi," akasema. "Shingo si département yangu." Mkurugenzi alimtafuta mwingine wa kuishika ile shingo, na kila mmoja akawa na kazi ya dharura. Siku za ufunguzi zilikuwa zimewadia. Kielelezo kikapelekwa mjini kama kilivyo: shehe mwenye nyusi, na mgeni mwenye kalamu anayetazama pembe tupu.

Wakala alikaa kwenye rafu ya chumba cha msasa, nikamfuta vumbi kila asubuhi. Msimamizi aliniuliza kama namtunza kwa mapenzi. Nikamwambia amana hutunzwa mpaka mwenyewe aje kuidai.

Salim alikuja Lawrence Heights kunisihi. "Dada, mwanasesere tu huyo. Omba radhi urudi mezani kwako."

"Wewe ulikuwa mdogo," nilimwambia. "Unakumbuka kiti cha ami?"

"Nakumbuka kilikuwapo. Halafu hakikuwapo."

"Unajua kilikwenda wapi?"

Hakujua. Nikamwambia. Nilipofika umri wa mtu mzima, asubuhi moja nilikibeba kiti kile kutoka barazani nikakiweka mlangoni kwa ami, nikasema mbele ya majirani, "Ahsante kwa ulinzi." Nililaaniwa, nikaitwa mtoto asiye na adabu. Lakini mpangaji aliyefuata alinitazama usoni. Salim akala wali, akaosha vyombo bila kuambiwa.

Kule mjini kielelezo kilianza kusema chenyewe. Watu waliinama kwenye kioo wakauliza: huyu anamtazama nani? Wazungu, Wachina, watu wa mkutano wa kanisa, wote waliwauliza walinzi wa ukumbi swali lilelile. Walinzi wakachoka, wakalipeleka kwa Dokta. Dokta naye akachoka kujibu "hakuna mtu," kwa sababu alijua kuwa ni uongo na ulikuwa unatoka kinywani mwake mwenyewe. Akaenda mbele ya kamati akasema ama Wakala arudi ama jina lake litolewe kwenye maonyesho.

Mkurugenzi akaja chumba cha msasa. "Yule bwana wako yuko wapi?"

"Hapa. Anakula vumbi."

"Chukua koti."

Tulikwenda kwa gari lake, Wakala mapajani mwangu ndani ya kopo la chakula. Tulikuwa tumekwama kwenye foleni ya Allen Road alipojisemea, "Watu wa Tanga!" Sikumjibu. Alikuwa ameshashindwa, na mtu mzima huachiwa nafasi ya kushindwa vizuri.

Kioo kilifunguliwa, nikaingiza pini. Nyuma yetu alikuwapo mzee mmoja na mjukuu wake wa kike. Mzee alisema kitu kwa Kiarabu. Binti akatutafsiria kwa Kiingereza, kwa aibu kidogo: "Babu ametoka kisiwa hicho. Anasema baba yake alikuwa akiwamiminia kahawa. Anasema kiti hakikuwa mbali hivyo. Kilikuwa karibu, shehe anasikia pumzi."

Dokta alinitazama. Mkurugenzi alinitazama. Nikang'oa kiti, nikaomba drili ya mkono, nikatoboa upya, nikakisogeza mpaka goti la Wakala likakaribia kugusa kanzu ya shehe. Mzee aliinama, akaitikia kwa kichwa, akasema neno moja ambalo binti hakulitafsiri.

"Ziba basi yale matundu ya zamani," alisema Mkurugenzi.

"Siyazibi," nikasema. "Waone kuwa kilisogezwa."

Nilirudi meza ya watu. Ukuu wa meza alipewa mwingine, na nilistaafu nikiwa fundi wa kawaida. Vijana wa Salim huniuliza kwa Kiingereza kama nilijuta. Nawajibu kwa Kiswahili, wanielewe wakipenda: nilikitoa kiti kimoja, nikakirudisha kingine, na mara zote mbili nilionekana sina adabu. Vielelezo vile viko ghalani sasa. Atakayevifungua ataona zulia, shehe aliyekasirika, kiti cha Wakala kando ya kanzu yake, na nyuma ya kiti matundu mawili wazi.