Kikombe Nilichojifanya Kuonja

Nitakayoyasimulia hayakutoka kitabuni wala kinywani mwa mlevi. Yalinipata mimi, mtu wa miaka zaidi ya hamsini, mwalimu mkuu niliyefundisha somo la maadili maisha yangu yote. Yalinipata saa nane za mchana, jua likiwa kali. Najua wengi wenu mngependa mambo ya namna hii yatokee gizani. Hata mimi ningependa, maana gizani mtu anaweza kusema hakuona vizuri. Mimi niliona vizuri.

Lakini hutaelewa nilichokiona bila kumjua kwanza Kambo, yaani bibi yangu mzaa baba.

Alikuja Kolwezi, mji wetu wa migodi, kutoka upande wa Sandoa akiwa mke kijana. Mumewe alipofariki alibaki na watoto watatu, sufuria moja na ujuzi mmoja: kupika munkoyo, kile kinywaji cha uji wa mahindi kinacholainishwa na kutiwa utamu kwa mizizi ya porini iliyotwangwa. Kwa ujuzi huo aliwalisha watoto wake, akawazika wawili, akanilea mimi niliyebaki yatima, akanisomesha mpaka nikawa mwalimu. Shati langu la kwanza la shule lilinuka mizizi, na wenzangu walinicheka. Leo ningetoa kila nilicho nacho ili nilivae tena.

Kila alfajiri alitwanga. Ving'ora vya alfajiri vya kampuni ya mgodi viliponyamaza moja kwa moja, mtaa wetu wa Dilala ulianza kuamshwa na mchi wake. Makarani, madereva, wachimbaji waliotoka shimoni wakiwa weupe kwa vumbi, wote waliketi kwenye mabenchi yake chini ya mabati. Tena alikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja hata siku moja: mbele ya kila mteja alichukua kikombe chake cha bati la buluu, kilichobanduka rangi karibu na mkono, akaonja yeye kwanza.

"Kambo, unamaliza yote! Sasa mi nitakunywa nini?" wachimbaji walimtania.

"Nyamaza, mutoto. Mwenye kupika njo anaonja. Kama muko sumu ndani, mi njo nitakufwa wa kwanza, na weye utabeba sanduku. Na vile uko muvivu, utaniangusha mu njia!"

Benchi zima lilicheka. Hata nyumbani sharti lilikuwa hilo hilo: ukimpa Kambo chochote cha kunywa, unaonja mbele yake. Mimi niliitwa jina la marehemu babu, kwa hiyo aliniita "bwana yangu", na hakuna mtu mwingine duniani aliyeniita hivyo. Likumbuke jina hilo.

Kisha wenye nyumba wakaanza kuchimba mawe ya kobalti chini ya vyumba vyao. Wachimbaji walinijia mimi pia. Walisema mshipa unapita chini ya nyumba ya Kambo, nilimoishi naye, na kwamba shimo lingeanzia kwenye stoo ya nyuma, hakuna ambaye angejua. Nilijua Kambo asingekubali kamwe. Nami, mwalimu wa maadili, nikakubali bila kumuuliza.

Walifanya kazi kuanzia jioni hadi kukaribia kucha. Siku ya tatu Kambo aliniita chumbani.

"Bwana yangu, ku chini ya kitanda banagonga. Unasikia?"

"Hakuna kintu, Kambo. Ni masikio ya uzee."

"Mi masikio yangu ilikuwaka ya muzuri," akasema, kisha akalala akiuelekea ukuta.

Nilichofanya baada ya hapo sijawahi kukiungama hata kwa padri. Nilinunua vidonge vya usingizi, nikavisaga, nikavikoroga ndani ya kikombe chake cha jioni. Nilipompa alinyoosha kidole, kama kawaida: "Onja kwanza." Nikakiinua kikombe, nikakigusisha mdomo, nikafumba macho, nikajifuta kwa mgongo wa mkono. Sikumeza. Yeye akanywa chote, kwa kuniamini.

Alfajiri iliyofuata mchi haukulia.

Jua lilikuwa juu alipoamka na kuwakuta wateja wamesimama mbele ya sufuria tupu. Nilirudia kila jioni, nayo ikatokea tena kesho yake, na kesho kutwa, na wiki zilizofuata. Mtu aliyekuwa saa ya mtaa mzima aliona haya kupita mlangoni kwake mwenyewe. Hatimaye aliniita, akaniwekea mchi mapajani.

"Mwili umenikataa, bwana yangu. Mupishi mwenye kulala haiko mupishi tena. Funga."

Ningeweza kusema kweli wakati ule. Sentensi moja ingetosha. Je, niliisema? Nilifunga. Kwa pesa za mawe yale nilijenga ukuta na kununua kabati la vitabu. Yeye hakumaliza msimu wa mvua. Daktari alisema ni umri, na huenda ni umri. Kabla jeneza halijafungwa, mimi mwenyewe niliweka kikombe cha buluu kando ya mkono wake wa kuume.

Miezi miwili baadaye nilisafiri kumpelekea mdogo wa Kambo vitenge vya marehemu, njia ya Sandoa. Nilipanda pikipiki ya Kasongo, baba wa watoto sita, mtu asiyenyamaza. Mchana ule gurudumu lilitoboka mahali pasipo na kijiji. Palikuwa na kibanda cha nyasi tu, na ndani yake mwanamke mzee aliyekuwa na ndoo ya munkoyo. Uso haukuwa wa Kambo. Ungekuwa wake, ningekimbia.

"Mama, hii munkoyo ni ya leo ao ya Noeli?" Kasongo akauliza.

"Ni ya leo, baba. Ona." Akanywa kutoka kikombe cha plastiki. Koo lake likapanda na kushuka. Kasongo akapokea, akamaliza, akapiga ulimi. "Tata mwalimu, kunywa! Hii inapita ya mujini!" Akarudi kwenye gurudumu lake.

Mwanamke akaingiza mkono kwenye mkunjo wa kitenge chake, akatoa kikombe kingine. Niamini: kilikuwa cha bati la buluu, kimebanduka karibu na mkono. Akakijaza mpaka ukingoni.

"Onja kwanza, mama," nikasema. Sauti yangu sikuijua.

Akakiinua. Midomo ikagusa. Akafumba macho. Koo halikusogea, wala kinywaji hakikupungua hata tone. Kisha akajifuta kwa mgongo wa mkono.

"Nimeonja, bwana yangu."

Chini ya miguu yangu, ndani ya ardhi ile isiyo na mgodi, kitu kikaanza kugonga.

"Unasikia?" nikauliza.

"Hakuna kintu. Ni masikio ya uzee."

Utaniuliza kwa nini nilikunywa. Ningekataaje? Kukataa kungekuwa kukiri kwamba najua kilichomo. Nikanywa chote, mbele ya macho yake.

Niliamshwa jua likizama. Kasongo alikuwa ananitikisa kwa hasira. "Tata mwalimu! Nimekumwangia mayi ku uso mara tatu! Nikasema leo Kasongo atabeba maiti bila karatasi!"

"Yule mama yuko wapi?"

"Alifunga bintu yake, akaenda. Alisema tukuache ulale. Eti umechoka na kazi ya usiku."

"Na kikombe cha buluu?"

"Cha buluu gani? Ulikunywa mu plastiki, sawa vile mi."

Tulifika. Mdogo wa Kambo alivipokea vitenge, akavinusa, akaniuliza mwisho wa dada yake ulikuwaje. "Alilala," nikajibu. Hata baada ya yote yale, hilo ndilo nililojibu.

Tangu siku hiyo, saa ile ya alfajiri ambayo Kambo alikuwa akitwanga, usingizi hunishika kama mkono wa mtu. Mke wangu hunipiga, hunimwagia maji, sisikii. Huamka jua likiwa juu. Wanafunzi mia kadhaa walisimama nje ya lango huku ufunguo ukiwa mfukoni mwangu, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwaadhibu waliochelewa. Nilikabidhi ufunguo na cheo mwaka jana. Shimo nimelifukia kwa mikono yangu. Usingizi haukuondoka.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayenisoma, hasa kama unamtunza mzee na unajiona mwema. Akikuambia anasikia kitu, inama nawe usikilize. Akikuambia uonje, onja. Na koo lako lisogee. Umeze.