Niliposema Tatu

Ndevu zilinianza nikiwa na miaka kumi na saba. Si malaika ya usoni, vile vinywele laini ambavyo kila mwanamke anavyo, la, ndevu hasa, nene na nyeusi, chini ya kidevu na kando ya taya. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimeamka kabla ya mume wangu, nikajifungia chooni na kikoleo na kuzing'oa moja moja. Siku zote hizo alidhani mimi ni mtu wa kukawia kuoga tu.

Kung'oa kuliniachia madoa. Madoa nikayatafutia dawa, na dawa niliyoipata ni mkorogo, ile krimu ya kujichubua inayouzwa katika vikopo visivyo na maandishi. Nilianza na kidevu, nikapaka mashavu ili yafanane na kidevu, nikamalizia uso mzima. Weupe ukaja kabla sijaolewa. Aliyeusifu kuliko wote ni wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye tunakaa naye nyumba moja hapa Mji wa Kale, yeye chini, sisi juu. Kila mgeni akija humwambia, "Huyu hajapaka kitu tangu azawe. Rangi yake ni ya mamake." Mara ya kwanza nilinyamaza kwa haya. Mara ya pili nilitabasamu. Tangu hapo uongo ule ulikuwa wangu kuulinda.

Vidole ndivyo vilivyonigomea. Vifundo havikukubali kuchubuka, vikabaki vyeusi; ndani ya nyumba husingizia masizi ya jikoni. Basi nikitoka huvaa glavu nyeusi pamoja na buibui, na watu wakaniona mcha Mungu kuliko nilivyo. Naona aibu hata kuyaandika haya.

Mwaka ule wifi alikuwa akimwoza bintiye. Siku ya kupamba, bibi harusi anapotolewa ukumbini, tunakuwa wanawake peke yetu, mabuibui yanavuliwa na kila uso unaanikwa chini ya mataa. Wifi alikuwa amekwisha kuziona ndevu zangu, maana wanawake wa nyumba moja hatufichani yote. Akaniambia kuna mahali upande wa Tononoka wanaondoa kwa leza. Akanipeleka mwenyewe.

Aliyetupokea alikuwa msichana wa bara, msalaba mdogo shingoni, mpole na mwingi wa maswali. Alinieleza kwamba ngozi nyeusi ina rangi yake, na rangi hiyo huunyonya mwanga uliokusudiwa nywele, kwa hiyo mashine lazima iwe ya kufaa ngozi yetu, ianzie nguvu ndogo, na ngozi ipozwe kwa baridi wakati wote. Nisikae juani. Nisizing'oe tena, ninyoe kwa wembe. Mimi, mtu mzima mwenye watoto, nikanyoe ndevu kwa wembe! Nilikubali.

"Mama, kuna krimu yoyote unayopaka usoni?" akauliza. "Ya kung'arisha? Hata kidogo? Ngozi iliyochubuliwa huungua kwa mwanga huu."

Wifi, kwenye kiti kando yangu, akacheka. "Huyu? Hajui hata hizo krimu zafanana vipi."

"Mafuta ya nazi tu," nikasema.

"Hata zamani hukuwahi?"

"Hata zamani."

Akaandika. Nikatia sahihi, sijavua glavu.

Alinijaribu kwanza kipande kidogo nyuma ya sikio, akanipa wiki mbili tuone. Ngozi haikudhurika, na ingedhurikaje? Mkorogo wangu haukuwahi kufika nyuma ya sikio. Nililijua hilo nikiwa nimekaa pale, naye akifurahi kwamba mambo ni salama.

Siku yenyewe ilipofika alinivalisha miwani ya giza, akanipaka jeli ya baridi, akasema, "Maumivu utanitajia kwa namba, moja mpaka kumi. Ikifika tano naacha. Usivumilie, mama. Usiponiambia, mimi sina namna ya kujua."

Mpigo wa kwanza ulikuwa kama mafuta ya bajia yanapokurukia mkononi. Kwenye taya nilistahimili. Alipofika kidevuni, pale nilipopaka miaka na miaka, nilisikia harufu ya kichwa cha mbuzi kikibabuliwa, na maumivu yakanipanda mpaka kwenye meno.

"Ngapi, mama?"

Nilipozaa wanangu niliuma leso, sauti haikutoka, na wanawake wa nyumba wakanisifu miaka yote. Ningependa kusema ni malezi hayo yaliyonifunga mdomo. Lakini nilikuwa na hesabu nyingine: nikisema nane ataacha, ataacha na kuniangalia, ataniangalia na kuniuliza tena, na wifi yupo kando, amenishika mkono wenye glavu.

"Tatu," nikasema.

"Sasa?"

"Tatu."

"Mbona machozi yanatoka?"

"Jasho."

Aliacha mwenyewe bila kuambiwa, akaniwekea baridi kwa muda mrefu. Lakini kidevu kilikuwa kimekwisha kuungua. Kesho yake kilijaa malengelenge, na siku ya tatu yalikuwa magamba meusi. Wifi alipoyaona alipiga kelele mpaka majirani wakatoka.

Alasiri hiyo yule msichana wa leza, aliyepigiwa simu na wifi, akaja nyumbani, peke yake, ameleta dawa ya kupaka. Wifi alimfuata mpaka juu akimfokea. Mimi nilikuwa nyumbani kwangu, sina buibui wala glavu, nikanyoosha mkono kuipokea dawa.

Akaviona vifundo. Aliviangalia, akaniangalia uso, akaviangalia tena.

"Nena basi!" wifi akamwambia. "Umeniunguzia mtu, kisha wanyamaza?"

Angeweza kunena. Neno moja tu. Badala yake akasema, "Nisamehe, mama. Ningeuliza vizuri zaidi." Kisha, kwa sauti ndogo, akiwa ameinama kunionyesha namna ya kupaka: "Chochote unachopaka, acha mpaka upone. Chochote." Akashuka zake.

Sisi tumelelewa kwamba kumsitiri mwenzio ni ibada. Alinisitiri yeye, mgeni, nyumbani kwangu, mbele ya wifi yangu.

Wifi alisema asubuhi angekwenda kwa mwenye kile kituo. Nilikuwa na jioni nzima ya kumwambia kweli. Ngazi za nyumba yetu ni kumi na mbili. Nilishuka hadi ya sita, nikamsikia chini akimsimulia jirani, "Uso wa asili ule, haukuwahi kuguswa na kitu!" Nikapanda tena.

Kesho yake wifi alirudi adhuhuri, akapanda moja kwa moja kwangu kabla hata ya kuvua buibui, uso umemnawiri.

"Nimekulipizia, wifi," akasema. "Wamemfukuza mbele yangu. Naye hakujitetea hata kwa neno, yuwajua alilolitenda."

Akakaa kitandani, akakishika kidevu changu kwa ncha za vidole, taratibu, kama anavyomshika mtoto.

"Bado yauma sana?"

"Kidogo tu," nikasema, mikono yangu nimeificha chini ya leso. "Ahsante, wifi yangu."