Mtoto Mwenye Homa

Mwaka ule wa ukame, kule Kishapu, tulichimba kisima kwenye mchanga wa mto na kupanga madebe yetu foleni tangu alfajiri. Siku moja nilimwachia zamu yangu mama mkwe wa Mama Kulwa, aliyekuja kumtekea maji jirani yetu huyo aliyekuwa amejifungua mapacha. Jumapili katekista akanisifu mbele ya kanisa zima. Nikatembea nikiona watu wana deni kwangu.

Alhamisi nilichelewa. Foleni ilikuwa ndefu, na maji yalikuwa yamebaki ya kuteka kwa kibuyu. Nilifikiria wanangu nyumbani. Nikajiambia, hawa nimeshawatendea wema, leo wanivumilie. Nikapita mbele bila kumtazama mtu.

"Mama Masanja, mbona unawaruka wenzako?" mlinzi wa kisima akauliza.

"Shikamoo, baba. Namtekea Mama Kulwa. Mtoto wake mmoja ana homa."

"Marahaba. Basi mpisheni."

Wakanipisha. Mmoja akasema nina huruma kweli. Niliteka haraka, debe likajaa, kisima kikabaki tope.

Nilipoinama kujitwisha, mwanamke akaja mbio kutoka katikati ya foleni, mtoto mmoja mgongoni, mwingine kifuani. Alikuwa Mama Kulwa.

"Ni yupi, dada?" akaniuliza, akiwapapasa wanawe paji la uso, huyu kisha yule. "Mbona mimi siioni hiyo homa?"

Foleni nzima ikanigeukia, ikinisubiri nijibu.