Nilikwenda Kumrudisha Rukia na Sinia Langu

Niliondoka kijijini kwetu Kanga, kisiwani Mafia, kwenda kumtoa mjukuu wangu Rukia chuoni, na sababu ilikuwa picha.

Picha yenyewe ilianzia Kilindoni, dukani kwa Mama Nasrin, Mhindi wetu wa siku zote. Binti yake Nasrin anasoma na Rukia chuo kimoja huko bara, kando ya bahari. Binti kampelekea mamake picha kwa simu, mamake kawaonyesha wateja, mteja mmoja kaomba atumiwe, na kabla ya adhuhuri ilikuwa imeshafika Kanga, mpaka hapo tunapoanika mwani. Wifi yangu Bi Saumu akaninyooshea simu.

"Wifi Hawa, huyu si Rukia wenu?"

Alikuwa Rukia. Amekaa mkekani, mkono umo ndani ya sinia la wali, na kulizunguka sinia wamekaa wasichana wenzake wawili na wavulana wanne. Mikono yote wali mmoja. Na sinia lilikuwa langu. Nalijua kwa ukingo wake uliobonyea tangu siku lilipoanguka kisimani. Nilimpa Rukia alipokwenda chuo, nikamwambia hili ni la kulia wewe na wanawake wenzako.

Kwetu wanaume wana sinia lao barazani, wanawake wana lao uani. Mimi nimekaa na mume wangu miaka thelathini na sita mpaka Mungu alipomchukua, na sikupata kutia naye mkono sinia moja mbele ya watu.

"Ndiyo masomo ya sasa hayo," akasema Bi Saumu. "Wanaanza na wali."

Jioni ile watu wa Miburani, waliokuwa wameleta posa ya Rukia, wakapiga simu kusema wanaona bora tungoje kwanza. Nikajua na wao wameiona. Rukia nimemlea mimi tangu ana miaka mitatu, mama yake alipoolewa Kilwa. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja amalize. Nikasema huo mwaka basi. Nikachukua mfuko mkubwa mtupu wa kutilia nguo zake, nikafunga pweza mkavu kwenye kapu, maana hata ukienda kwa hasira huendi mikono mitupu.

Asubuhi nilikuwa Kilindoni. Mama Nasrin ndiyo kwanza anafungua milango. Miaka arubaini nanunua kwake, yeye ng'ambo ile ya meza ya duka, mimi ng'ambo hii. Alipoona mfuko akajua nasafiri.

"Bi Hawa, unakwenda kwa watoto? Nichukulie kopo la achari la Nasrin. Chakula cha huko hakimpandi."

Nilitaka kumwambia kuwa simu yake imenivunjia nyumba. Lakini kumkatalia mama kitu cha mwanawe siwezi. Nikalichukua kopo, sikumwambia nakwenda kufanya nini.

Ndani ya meli ya kwenda Nyamisati, bara, nilikaa na mama mmoja mtu wa Rufiji, mcheshi, anauliza kila kitu.

"Mjukuu chuo kikuu, hongera. Unakwenda kwenye mahafali?"

"Nakwenda kuyafunga."

Hakuniuliza tena mpaka tulipoingia kwenye mikoko.

Nyamisati tukapanda basi mpaka Mbagala, na kutoka Mbagala tukakaa kwenye foleni ya magari muda ambao kwetu ungeshavua, ukarudi, ukauza. Nilifika chuoni baada ya alasiri, miguu imevimba.

Getini nikakuta mlinzi. Mwanamke. Kavaa suruali na buti, kirungu kiunoni, na juu yake kajifunga mtandio vizuri kabisa. Sikujua nimwamkieje. Akaniwahi yeye, "Shikamoo Bibi, unamtaka nani?" na akanishikia kapu mpaka kwenye mabweni.

Njiani nilitazama mpaka shingo ikauma. Kijana wa Kimasai kavaa shuka lake na sime yake, na mapajani ana kompyuta. Mtawa wa Kikristo, kilemba cheupe, amekaa benchi moja na msichana wa nikabu, wanagawana hindi la kuchoma na wanacheka. Mwanamume mzima anafua mashuka na kuimba, hana hata aibu. Nikamwona mama mmoja mtu mzima, mtoto mgongoni, vitabu kichwani, nikamwamkia kwa heshima nikidhani ni mwalimu. Kumbe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na huyo mgongoni ni mtoto wake wa tatu.

"Wote hawa wanasoma nini?" nikamuuliza mlinzi.

"Bahari, Bibi. Samaki, mwani, matumbawe."

"Yule Mmasai naye?"

"Yule ndiye bingwa wa mwani."

Mimi nimesimama kwenye maji ya mwani miaka ishirini, na bingwa ni mchunga ng'ombe. 

Rukia akaja mbio. Ushungi wake ulikuwa mahali pake, hilo nalisema.

"Shikamoo Bibi! Mbona hukusema unakuja?"

"Marahaba. Mfuko huu ni wa nguo zako."

Uso ukamshuka. Alielewa, ni mtoto niliyemlea.

Chumbani kwao mna vitanda vya juu na chini. Juu ya Rukia analala Nasrin, na nilipoingia nilimkuta Nasrin kajifunga kanga yangu ya zamani niliyompa Rukia. Nikaketi. Hawa wawili wamezaliwa kisiwa kimoja na hakuna aliyepata kuingia nyumbani kwa mwenzake. Kati yao ilikuwa ile meza ya duka. Sasa mmoja anamwita mwenziwe "we mvivu, amka," na mwingine anajibu kutoka juu kama wametoka tumbo moja. Nikampa kopo lake. Akalifungua hapo hapo, na wa kwanza kutia kidole akawa Rukia.

Wanaume hawaruhusiwi kupita mlango wa bweni la wasichana, na hilo lilinipendeza. Lakini kwenye kibaraza cha nje ruhusa. Nilipotoka kupunga upepo, kijana mmoja mrefu akaja na kiti, akakiweka, akainama mpaka magoti yakakaribia chini.

"Shikamoo Bibi."

Nilimjua. Ndiye aliyekaa ubavuni kwa Rukia kwenye picha. Nikageuza uso.

Anayesoma haya kama ni mtu wa kwetu atajua nimefanya nini. Mtoto akikupa shikamoo humnyimi marahaba, hata kama baba yake ni adui yako. Kijana akadhani sikusikia. Akarudia, kwa sauti zaidi.

"Shikamoo Bibi. Mimi Masanja."

"Sinia langu liko wapi?"

Kibaraza kizima kikageuka kututazama.

"Liko kwangu, Bibi. Lilikuwa zamu yangu kuosha." Akaondoka, akarudi nalo. Alikuwa amelisugua kwa mchanga wa pwani mpaka nikauona uso wangu ndani yake, na uso wenyewe haukuwa mzuri.

Rukia akanishika mkono. "Bibi, tuingie ndani tafadhali."

Ndani hakulia. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, akanikosesha.

"Bibi, siku ya picha ile Masanja alikuwa kafiwa na mama yake. Kwao mbali, Usukumani, na kesho yake mtihani. Wamezika hajafika. Siku mbili yuko kitandani, hali chakula. Nikawauliza wenzake wa chumbani, mmempa chakula? Wakasema tumemwekea sahani." Akanitazama. "Sahani, Bibi. Mfiwa anawekewa sahani, inafunikwa, anaachwa nayo."

"Na wao hawana desturi?"

"Kila mtu ana ya kwao. Mmoja akasema kwao mfiwa haongeleshwi. Mwingine akasema kwao huchinjwa ng'ombe, tutampata wapi hapa? Wakabaki wanatazamana. Mimi najua ya kwetu tu, nikapika wali wa nazi."

"Ungempa sinia wakala wanaume kwa wanaume."

"Wangemwacha tena. Walikuwa wanamwogopa." Akasogea karibu. "Bibi, alipokufa Babu ulikataa kula. Nilikuwa na miaka saba, nimekaa miguuni pako. Bi Saumu akaja akaketi mbele yako, akakutia tonge mkononi, akasema usipokula na mimi sili. Na yeye alikuwa kafiwa na kaka yake."

Nilikuwa sijui kama aliona.

"Nani aliyemtia Masanja tonge mkononi?"

"Mimi."

Nasrin akateremka kutoka kitandani. "Na picha nilipiga mimi, Bibi. Tulipokula akala. Nikamtumia mama kwa sababu nilikuwa nimemwambia kuna mwenzetu hataki kula, na yeye alikuwa anamwombea kila sala. Mama aliwaonyesha watu kwa furaha."

Siku ile nilikuwa nimeshtuka getini, nimeshtuka njiani, nimeshtuka chumbani. Lakini mshtuko huu ndio ulioniketisha chini. Nimesafiri bahari na nchi kavu kuja kumwadhibu mtoto kwa jambo nililomfundisha mwenyewe bila kujua, na nimefika nimemnyima marahaba mfiwa.

Asubuhi yake Masanja alikuwa amekaa kwenye ngazi za kibaraza na daftari lake. Nilitoka, nikasimama mbele yake. Akainuka haraka, akaanza kuinama.

"Ngoja," nikamwambia. "Usiseme. Marahaba. Ile ya kwanza na ile ya pili. Na pole kwa mama."

Akalifunga daftari.

"Asante Bibi. Mimi nilidhani kwenu Mafia marahaba huja kesho yake, kwa meli."

Sikucheka. Ila nilitaka.

Mchana nilipika yule pweza mkavu kwa nazi, kwenye jiko la wale wasichana. Sinia moja, watu wanane, na mimi bado ni mimi. Nikawaambia wanaume watangulie kula, sisi tutafuata. Hakuna aliyebisha. Masanja akalitazama sinia kwa muda.

"Bibi, huyu ana miguu mingapi?"

"Minane."

"Na tunamla hivi hivi?"

"Ulitaka avae viatu?"

Yule Mmasai, bingwa wa mwani, alicheka mpaka akasogea mbali na chakula. Kisha akaniuliza mwani wetu huwa unakuwa mweupe na kukatika miezi gani, na maji yanafika wapi mwilini siku hizo. Nikamwambia. Akaandika kila neno, akaniuliza tena penye shaka, kama mimi ndiye mwalimu. Hajui kupiga kasia yule, lakini kuuliza anajua.

Jioni Rukia akauliza kwa sauti ndogo, "Bibi, na mfuko?"

"Mfuko unarudi kama ulivyokuja. Na ukimaliza huo mwaka bila cheti, nitarudi na mfuko huu huu nikufungie wewe ndani."

Nikamwachia sinia.

Safari ya kurudi haikuwa na neno. Niliposhuka gati ya Kilindoni nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Nasrin.

"Binti yangu anakula?" akauliza kabla ya salamu.

"Anakula. Achari yako wameshaimaliza wao wote, haikulala. Sasa nipe sinia, kubwa kuliko lile langu, nalipeleka kwa watoto kwa meli."

"Si wanalo?"

"Wanalo la wanawake. Hili la wanaume. Kufiwa wafiwe pamoja, kula kila mtu akae na wenziwe, masinia yawe karibu, macho yaonane."

Mama Nasrin akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akainua ule ubao wa mwisho wa meza ya duka, ambao miaka arubaini nimeuona umelala tu, akasema, "Pita ndani, Bi Hawa, chai iko tayari." Nikapita. Nyuma ya duka mna ua kama wa kwetu, na mkeka, na paka.

Watu wa Miburani nimewaambia wangoje mwaka mmoja, na kama kungoja kunawachosha, njia ya kurudi wanaijua.

Kanga nilimkuta Bi Saumu kwenye kamba zake za mwani.

"Yuko wapi mtoto?"

"Nimemwacha asome."

"Na wali?"

"Wali ni wako," nikamwambia. "Ule ulionitia mkononi alipokufa kaka yako. Rukia alikuwa amekaa miguuni pangu, akauona." Nikamweleza habari yote, tangu sahani iliyofunikwa mpaka tonge.

Bi Saumu akaiacha kamba. Akafuta mikono kwenye kanga, akaitoa ile simu, akaitafuta picha, akaisogeza karibu na macho. Nilichojifunza mimi katika safari hii ndicho hicho alichokuwa akikifanya wifi yangu pale: kuitazama picha mara ya pili, baada ya kuuliza.

"Mfiwa ndiye huyu mrefu?"

"Ndiye."

"Kakonda," akasema. Akaendelea kutazama. "Hilo sinia jipya limeshaondoka?"

"Meli ni kesho kutwa. Liko kwa Mama Nasrin."

"Basi mwambie asilipakie kwanza." Akaanza kufungua kapu lake la samaki wakavu, anachagua wakubwa. "Sinia halipelekwi tupu."