Mfagiaji asiyejua mama yake amelala wapi

Jua halijauvuka ukuta wa makaburi ya zamani ya mji, na Mama Mstari ameshainama. Mkono wa kulia umeshika ufagio wa njiti, wa kushoto uko kiunoni, maana kiuno nacho kina maneno yake siku hizi.

"Karibu, mwanangu," anamwambia mwandishi wa makala haya. "Ila usikanyage hapo. Hapo kuna mtu."

Hapo pana nyasi tu. Ndio mstari uliompa jina la utani: vituta vidogo vinavyofuatana kando ya ukuta, havina jiwe wala jina.

Makaburi haya yalianza nje ya mji. Matajiri walizikwa karibu na lango, chini ya marumaru. Wajenzi wa reli na waliokufa kwa ndui wakafuata nyuma yao, na wasio na kitu wakasukumwa ukutani. Leo mji umeyazunguka pande zote na nafasi imekwisha.

Mama yake yumo katika mstari huo. Alizikwa wakati binti yake huyu hajaanza shule, na kibao cha bati chenye namba kililiwa na kutu zamani.

"Niliomba kazi hapa ili niwe naye," anasema. "Baba alinielekeza tu, ni ukutani, karibu na bomba. Bomba lenyewe lilishahamishwa!"

Mwanzoni moyo ulimtuma kwenye kaburi moja. Akalipalilia, akalipandia maua, akawa anakaa hapo kusimulia habari za nyumbani. Miaka ikapita. Kisha ikaja familia moja, wakachimbua kidogo upande wa kichwani, wakaibua jiwe lililozama udongoni. Lilikuwa na jina la babu yao.

"Mzee wa watu!" Mama Mstari anacheka mpaka anafuta macho. "Siri zangu zote za ndoa anazijua."

Tangu siku hiyo anafagia mstari mzima. "Mmoja wao ni mama. Sasa nimnyime nani?"

Mwezi uliopita msimamizi alimwita ofisini. Mstari utafunguliwa kwa maziko mapya, lakini kwa kuheshimu utumishi wake, achague kaburi moja liachwe. Alikataa.

"Nikichagua, nikakosea tena, nitakuwa nimemfukua mama kwa mdomo wangu mwenyewe."

Msimamizi naye anaeleza: "Na mimi nina mama. Ombi lake nimelipeleka kwa wakubwa, tunasubiri."

Anachoomba Mama Mstari ni mstari wote uachwe, uwekewe jiwe moja. Mchonga mawe wa langoni amejitolea kulichonga, akamuuliza aandike nini.

"Nikamwambia aandike Mama. Akauliza, na wanaume waliomo je?" Anakung'uta ufagio ukutani. "Nikamjibu, watavumilia. Kila asubuhi nikifika nawaamkia wote, shikamoo mama, na hajalalamika hata mmoja."